Nyimbo za Wayahudi Si za Matanga Peke Yake

Mpenzi msikilizaji, mara nyingi nyimbo za Kiebrania zikiimbwa na kwaya katika matamasha ya siku hizi, huimbwa kwa huzuni. Taa hupunguzwa, mshumaa huwashwa, ndipo sauti zinapoanza. Sababu inaeleweka. Wanazi waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6, na jambo hilo halifai kusahauliwa. Lakini juma hili nasema ipo dhuluma nyingine, ya kuwakumbuka watu kwa kufa kwao tu.

Tazama habari za Salamone Rossi, Myahudi wa Mantua, Italia, aliyepiga fidla katika jumba la mtawala wa mji ule. Tangu Warumi walipolibomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, marabi wengi walishikilia kwamba sala isipambwe kwa muziki, maana watu walikuwa bado wanaliombolezea Hekalu lao. Mwaka 1605 rabi Leon Modena alitoa uamuzi, mfano wa fatwa, kwamba kumwimbia Mungu kwa sauti zilizopangwa si haramu. Ndipo katika mwaka wa Kiyahudi 5383, yaani 1622–23, Rossi akachapisha huko Venice nyimbo 33 za Kiebrania, za sauti 3 hadi 8. Kuzichapa kulikuwa na taabu yake: nota husomwa kutoka kushoto, na Kiebrania, kama Kiarabu, husomwa kutoka kulia!

Raha ile haikudumu. Mwaka 1630 majeshi yaliuteka Mantua, Wayahudi wakafukuzwa. Kitabu kile kilikaa gizani hadi miaka ya 1870, Samuel Naumbourg alipozitoa nyimbo zile upya mjini Paris.

Kati ya nyimbo hizo imo Kadishi. Wengi tunaijua kuwa ni sala ya wafiwa. Lakini ndani yake hamna neno hata moja la kifo. Ni kumtukuza Mungu mwanzo hadi mwisho. Na ile ya sauti 5 Rossi aliipa mwendo wa kucheza. Mimi nilipoisikia, mguu ulianza kutikisika wenyewe.

Wapo wanaouliza kama ni halali sala ya sinagogi kuimbwa mbele ya watu waliolipa kiingilio. Sisi tuliolelewa na kwaya na kaswida tunalielewa swali hilo. Jibu langu ni kwamba inafaa, ila waimbaji wajue maana ya maneno wanayoyatamka, na wasikilizaji waambiwe wimbo ulitungwa na nani, kwa ibada gani.

Tena Rossi asingojee siku ya maombolezo. Apangwe kando ya Monteverdi, waliyetumikia naye jumba lile lile. Aliyetunga kwa furaha aimbwe kwa furaha.

Hadi juma lijalo, kwaherini.