Nani anaamua juu ya bomba la avenyi? Historia ya mabaraza ya komini tangu 1957

Kwenye bomba la maji la avenyi, pale Goma, mabishano huanza mapema. Vidumu vimepangwa mstari kabla jua halijatoka, maji hayajafika, na kila mtu ana jibu lake. Huyu anasema kosa ni la Regideso, yule anasema la meya, mwingine analaumu shirika la misaada lililojenga bomba na kuondoka, na wa nne anamtaja chefu wa avenyi na michango iliyoliwa. Mara chache sana mtu hutaja baraza la komini. Si ajabu. Wengi wanaopanga vidumu hapo hawajawahi kuliona likikaa.

Hata hivyo kwenye karatasi baraza hilo lipo, na lina kazi nyingi. Barabara za ndani ya kartie, mifereji ya mvua, masoko madogo, usafi, taa za njiani: sheria imeziweka mikononi mwa komini, na juu ya komini imeweka washauri wanaochaguliwa na wakaaji. Namna gani kitu kilichoandikwa wazi hivyo kikaja kusahaulika kabisa? Jibu linaanza mbali kidogo na Goma, katika miji ya shaba, zaidi ya miaka sitini iliyopita.

Tarehe 26 Machi 1957, Wabelgiji walitoa amri juu ya miji ya Kongo. Miji mikubwa ikakatwa katika komini, kila komini ikapewa baraza lake, na kwa mara ya kwanza Wakongomani wakaambiwa watapiga kura. Serikali ya kikoloni haikupenda kuiita uchaguzi. Iliiita "consultation", yaani kuuliza watu maoni, kwa sababu burugumestre mwenyewe alithibitishwa na wakubwa wa utawala, na juu ya maburugumestre wote alikaa burugumestre wa kwanza, ofisa Mbelgiji. Wanawake hawakupiga kura. Wanaume walipaswa kuwa na miaka 25 na zaidi.

Desemba 1957 kura zikapigwa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, miji ambayo leo ni Kinshasa, Lubumbashi na Likasi. Mwaka uliofuata, Desemba 1958, ikawa zamu ya Bukavu, Stanleyville, Luluabourg na Coquilhatville. Hapo ndipo Bukavu ilipoanza kujulikana kwa komini zake tatu ambazo watoto wa shule wanazitaja mpaka leo: Ibanda, Kadutu na Bagira.

Kazi ya mabaraza hayo ilikuwa ndogo na ya karibu sana na maisha ya watu. Lakini kura yenyewe ilibeba mambo mengine. Kule Léopoldville, chama cha Abako kilipata ushindi mkubwa, na Joseph Kasa-Vubu akawa burugumestre wa komini ya Dendale, ambayo leo ina jina lake. Siku alipoingia kazini, tarehe 20 Aprili 1958, alidai uchaguzi wa nchi nzima na Wakongomani kujitawala. Wakubwa wa kikoloni walikasirika. Miaka miwili baadaye burugumestre huyo alikuwa rais wa kwanza wa Jamhuri.

Elisabethville mambo yalikwenda upande mwingine, na huko ndiko kuna funzo zito zaidi kwa watu wa Kivu. Mji ulikuwa na komini nne za Waafrika: Albert, ambayo leo ni Kamalondo, kisha Kenya, Katuba na Ruashi. Wafanyakazi wengi wa migodi na reli walikuwa wametoka Kasai, wengine Maniema. Kura zilipohesabiwa, maburugumestre watatu kati ya wanne walikuwa watu wa asili ya Kasai na wa nne alitoka upande wa Kivu. Waliojiita wenye nchi wakaona wametawaliwa na wageni kwao. Kabla mwaka 1958 haujaisha, Conakat ikawa imeanzishwa, na chama hicho ndicho kilichokuja kuongoza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960.

Wanahistoria wanapenda kusimulia kura ile kama mwanzo wa siasa za makabila mijini. Hawakosei. Lakini kuna jambo moja ambalo masimulizi hayo hulipita haraka. Mtu wa Kasai aliyekuwa anaishi Katuba aliulizwa juu ya Katuba, si juu ya kijiji alichozaliwa. Sheria ilimtambua mahali alipokuwa analala, anakolipa kodi, anakochota maji. Ugomvi ulitokea hapo hapo, kwa sababu wengine hawakukubali mgeni aamue. Swali lile la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni halijawahi kutoka katika mambo ya komini tangu siku hiyo.

Baada ya uhuru, mabaraza yaliishi maisha ya shida, na chini ya Mobutu yalibadilika sura. Miaka ya 1970 komini ikaitwa "zone", burugumestre akaitwa "commissaire de zone", na mtu huyo huyo alikuwa mkuu wa MPR mahali pake. Wazee wanakumbuka salongo: kila mtu atoke na jembe, afagie, azibue mfereji. Kazi ya baraza ikawa kazi ya mikono ya raia, bila raia kuulizwa mfereji upite wapi. Februari 1982 amri moja, yenye namba 82-006, ilijaribu kurudisha mamlaka kidogo kwa majimbo na zone, na katika miaka hiyo ya 1980 washauri walichaguliwa, lakini ndani ya chama kimoja. Chama hicho kilipopoteza nguvu kuanzia Aprili 1990, na mishahara ya watumishi kuwa hadithi, mabaraza nayo yakazimika kimya kimya. Hakuna aliyeyafuta kwa sherehe. Yaliacha kukaa tu.

Goma haikupata hata wakati mzuri wa kuyazoea. Ilikuwa mji wa pembeni hadi Kivu ilipokatwa katika majimbo matatu mwaka 1988, nayo ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini, na komini mbili tu, Goma na Karisimbi. Miaka sita baadaye wakimbizi kutoka Rwanda walifurika mjini. Kisha ikaja vita ya 1996, na nyingine ya 1998. Wakati volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, mji ulikuwa chini ya waasi wa RCD.

Lava ile ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Ilifunika karibu asilimia 13 ya Goma, sehemu ya uwanja wa ndege ikiwemo, na watu kama 120,000 wakabaki bila nyumba. Ndiyo ingekuwa siku ya baraza la komini kukaa na kuamua: barabara mpya ipite wapi, nani arudi kwenye parseli yake, shule ijengwe upande gani, maji yafike namna gani kwenye mwamba ambao hauna mto wala kisima. Hakukuwa na baraza lililochaguliwa. Mashirika yaliamua yale waliyokuwa na fedha zake, wakubwa wa wakati huo waliamua mengine, na watu wenyewe waliamua yaliyobaki. Wengi walirudi na nyundo, wakavunja mawe meusi, wakajenga mbao juu ya lava. Goma ya leo, pamoja na njia zake nyembamba na nyumba zinazogusana, ilizaliwa kwa maamuzi ya namna hiyo, familia moja moja.

Karatasi nzuri ilikuja baadaye. Katiba ya 2006 ilitambua mji, komini, sekta na shefferi kama vyombo vinavyojiendesha vyenyewe. Sheria ya 7 Oktoba 2008, namba 08/016, ikaeleza kazi za kila kimoja. Na kuna hesabu ambayo kila msikilizaji anafaa kuishika kichwani. Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni haki ya majimbo, na zishikwe hapo hapo zinapokusanywa, zisiende kwanza Kinshasa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo ni haki ya miji, komini, sekta na shefferi, zikigawanywa kwa kuangalia pia ukubwa na idadi ya watu. Kwa lugha ya sokoni: katika kila faranga mia, arobaini kwa jimbo, na ndani ya arobaini hizo, kumi na sita zishuke mpaka karibu na bomba la avenyi.

Kushikwa kwa fedha hapo hapo hakukufanyika kama katiba inavyotaka. Fedha zilipanda Kinshasa, zikarudi kidogo kidogo, zikachelewa, na zilipofika jimboni safari ya kushuka hadi komini ikawa nyingine tena. Maburugumestre nao waliteuliwa kutoka juu. Hapo ndipo penye kasoro kubwa kuliko hata fedha zenyewe, kwa sababu burugumestre aliyeteuliwa na Kinshasa hana baraza la kumuuliza zile faranga kumi na sita ziko wapi. Uchaguzi wa komini ulipangwa, ukasogezwa. Kalenda ya mwaka 2015 iliuweka Oktoba; Oktoba ikapita.

Kivu Kaskazini na Ituri zikaingia katika hali ya dharura ya kijeshi, "état de siège", kuanzia 6 Mei 2021. Liwali akawa jenerali, na meya akawa ofisa wa polisi. Wiki mbili tu baadaye, tarehe 22 Mei, Nyiragongo ikalipuka tena, na tarehe 27 amri ya kuhama ilisomwa na liwali wa kijeshi kwa makartie kumi ya Goma. Katika hatari kama ile labda jenerali anafaa kuliko baraza. Mifereji na masoko ni jambo jingine, na hayo pia yalibaki kwa wenye magwanda miezi na miaka baada ya moshi kuisha.

Tarehe 20 Desemba 2023, hatimaye, washauri wa komini walipigiwa kura. Siyo kila mahali: ni katika komini za miji mikuu ya majimbo peke yake. Na siku hiyo hiyo teritwari za Masisi na Rutshuru hazikupiga kura yoyote, ya rais wala ya mshauri, kwa sababu ya vita. Watu wake kwa maelfu mengi walikuwa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo, chini ya shiti, wakichota maji kwenye matangi ya mashirika. Mfanyakazi wa Kasai pale Katuba mwaka 1957 aliulizwa juu ya mahali alipoishi. Mama wa Masisi pale Bulengo mwaka 2023 hakuulizwa juu ya Bulengo, hakuulizwa juu ya Masisi.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma, na katikati ya Februari ikaingia Bukavu. Makambi ya pembeni ya Goma yalivunjwa, familia zikafunga mizigo, nyingi zikipanda kurudi Masisi na Rutshuru. Huko sehemu kubwa haina komini wala burugumestre wa kuulizwa. Kuna shefferi za Bahunde, Bashali, Bwito na Bwisha, kuna sekta za Osso na Katoyi. Mwami anapata kiti chake kwa desturi, lakini sheria ile ile ya 2008 inataka kando yake liwepo baraza lenye washauri waliochaguliwa, la kuamua juu ya barabara ya kupeleka maharagwe sokoni, shule na chanzo cha maji, na nalo lina sehemu yake katika faranga kumi na sita. Kura ya 2023 haikugusa shefferi hata moja, wala sekta, katika nchi nzima. Familia zinazorudi zinakuta chanzo kimebomoka, na wa kwanza kuitisha mkutano juu yake ni chefu wa kijiji, na daftari la michango mkononi.