Miji Mikubwa katika Mizani ya Ibn Battuta

Kila mara wahitimu wa shule yetu wakutanapo, haupiti muda mrefu kabla ubishi wa miji haujaanza. Akaaye Dar es Salaam huona kwamba duniani hakuna mji ila wake. Aliyepata kufanya kazi Nairobi humcheka. Naye wa Unguja hunyamaza tu, kwa kuwa ajiona ameshashinda. Nimewasikiliza kwa miaka mingi. Mmoja anapima mshahara, wa pili anapima hewa, wa tatu anapima chakula na heshima wanayopewa wazee. Kila mmoja ana mizani yake mfukoni, wala hawaonyeshi wenzake mawe anayopimia. Ndiyo maana ubishi hauishi.

Ubishi huo ni wa kale, na mmoja wa watu walioacha maandishi mengi juu yake alipita katika pwani yetu mwaka 1331. Namsema Ibn Battuta, ambaye wanafunzi wa historia humkuta kitabuni katika aya mbili tatu, wakamhifadhi kwa ajili ya mtihani, kisha wakamsahau. Alizaliwa Tangier, nchi ya Moroko, mwaka 1304. Mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, aliaga wazazi wake akaenda kuhiji, na hakurudi kukaa kwao mpaka alipokuwa mtu wa makamo. Habari za safari zake alimsimulia mwandishi aliyeitwa Ibn Juzayy, kwa amri ya Sultani wa Fez, na kazi ikamalizika mwaka 1355.

Ibn Battuta hakuandika popote kwamba mji fulani ni wa kwanza, fulani wa pili, fulani wa tatu. Lakini msomaji akimfuata kwa makini huuona mpango wake waziwazi. Alikuwa mtu wa sheria, kadhi kwa elimu na kwa kazi, mgeni asiye na shamba wala duka. Aliishi kwa ukarimu wa wenyeji. Basi akiingia mji, macho yake hutafuta kwanza nani atampokea, kuna wanazuoni gani, maji yakoje, chakula kikoje, na je, mtu hulala pasi na hofu ya kuibiwa. Ukubwa wa mji huutaja, wakati mwingine kwa hesabu za kutia shaka, lakini ukubwa peke yake haukumnunua.

Cairo ilimshangaza kwa wingi wa watu na majengo. Anatueleza habari alizoambiwa, kwamba wachukuzi wa maji wenye ngamia walikuwa elfu kumi na mbili, na vyombo vya Mto Nile zaidi ya elfu thelathini. Sitaki kuzithibitisha hesabu hizo. Hata hivyo mji alioupa sifa ya uzuri kupita mingine ni Damascus, na hapo yafaa tukae kidogo, kwa sababu alichokisifu si bustani na msikiti mkuu tu. Alisifu wakfu zake. Palikuwa na wakfu wa kuwahijia wasioweza kwenda Makka, wakfu wa kuwapatia mabinti maskini vitu vya harusi, wakfu wa kukomboa mateka, wakfu wa wasafiri, hata wakfu wa kutengeneza njia za mji.

Siku moja, asema, alipita katika kichochoro akamwona mtumwa mdogo ambaye sahani ya kaure ya Kichina imemponyoka mkononi ikavunjika. Watu wakakusanyika. Mmoja wao akamwambia kijana aokote vipande avipeleke kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo. Kijana akaenda, akaonyesha vipande, akapewa fedha za kununulia sahani nyingine. Ibn Battuta aliona kwamba hilo ni jambo jema kabisa, maana pasipo hivyo bwana wa kijana yule bila shaka angempiga, au walau angemkaripia, na moyo wa kijana ungevunjika kwa sahani. Nimesoma sifa nyingi za miji, za zamani na za siku hizi, na sijaona nyingine iliyopimwa kwa sahani moja iliyovunjika.

Baghdad aliipenda kwa bafu zake za maji moto, ambamo kila anayeoga hupewa taulo tatu. Zeila, katika pwani ya Wasomali, aliichukia kwa uvundo wa samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni, hata akaona heri alale chomboni juu ya bahari iliyochafuka kuliko kulala mjini.

Kutoka Zeila akashuka Mogadishu, na mambo yakageuka. Vijana walikijia chombo kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mfanyabiashara akapata mwenyeji wake. Yeye, kwa kuwa ni mtu wa elimu, alichukuliwa na kadhi. Akalishwa wali wenye samli na mchuzi wa nyama, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya malimau, tangawizi na maembe. Aliona watu wa mji ule ni wanene mno, mmoja wao hula chakula cha kundi zima la kwao. Hayo aliyaandika bila haya, naye alikula siku zote alizokaa.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Hakuona ufalme mkubwa wala soko la kusimulia. Aliona watu waliokula ndizi na samaki, ambao nafaka yao ilitoka pwani ya bara, na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Lakini aliona jambo ambalo wapimaji wa miji wengi wangelipita: mlangoni pa kila msikiti palikuwa na kisima kifupi na kata ya mti ya kutekea, na mahali pa kuoshea na kupangusia miguu kabla ya kuingia, kwa kuwa watu wote walitembea pekupeku. Kwa hayo akawashuhudia kuwa ni watu wa dini na wema. Usiku mmoja ulimtosha kuliona hilo. Wako waliokaa Mombasa miaka kumi wasione ila Kilindini.

Kilwa nitairudia. Tuvuke bahari kwanza twende Delhi, alikofika baada ya miaka michache, akapewa ukadhi na mshahara wa dinari elfu kumi na mbili kwa mwaka. Delhi aliiona kuwa mji mkubwa kabisa wa Bara Hindi. Lakini alipofika palikuwa na nyumba nyingi tupu. Sultani Muhammad bin Tughluq, ambaye naye alikuwa na mizani yake ya miji, alikuwa ameamua kwamba Daulatabad, safari ya siku arobaini kuelekea kusini, ndiyo yafaa kuwa makao makuu, akawalazimisha watu wa Delhi kuhama. Ibn Battuta alisimuliwa kwamba kipofu mmoja aliyebaki nyuma aliburutwa njia nzima, na uliofika Daulatabad ni mguu wake tu. Huenda hadithi ilitiwa chumvi. Kuhamisha makao makuu si kazi ya kupendeza popote: sisi tuliamua habari ya Dodoma mwaka 1973, na Serikali ilikuja kuhamia huko kwa nguvu baada ya mwaka 2016. Wako waliotucheka kwa kukawia. Nikisoma habari za Daulatabad, kukawia kwetu sikuoni kuwa aibu kubwa.

Uchina ndiko alikoukuta mji aliousema ni mkubwa kupita yote aliyopata kuiona usoni mwa dunia. Ni Hangzhou, ambao asema ulikuwa miji sita ndani ya mji mmoja. Wako wanahistoria wanaoshuku kama kweli alifika huko. Tuliache hilo. La maana kwetu ni kwamba hakuupa mji ule nafasi ya kwanza moyoni mwake. Uchina ilikuwa na utajiri, usalama wa njia na mafundi stadi, lakini dini haikuwa yake, akawa hatoki nyumbani alikofikia ila kwa haja. Alipokutana huko na mtu wa Ceuta, mji jirani na kwao, wote wawili walitokwa na machozi.

Mali alifika mwishoni, mwaka 1352. Alitazamia zawadi ya mfalme, akaletewa mikate mitatu, kipande cha nyama ya kukaanga na kibuyu cha maziwa ya mgando, akacheka. Hata hivyo aliandika kwamba katika nchi ile dhuluma ni chache, na msafiri haogopi mwizi wala mnyang'anyi. Hapo ninamheshimu. Mtu aliyekasirishwa na takrima ndogo si rahisi kutoa ushahidi mwema juu ya mwenyeji wake. Na baada ya yote hayo akasema nchi bora kupita zote ni kwao Moroko, ambako matunda ni mengi na chakula hakina ghali. Tukumbuke kwamba maneno hayo aliyatoa mbele ya Sultani wa huko, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha.

Sasa Kilwa. Aliisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa na iliyojengwa vyema kabisa. Kitabu chake kinasema nyumba zilikuwa za miti, na jambo hilo limewasumbua wachimbaji wa mambo ya kale, maana Kilwa Kisiwani hadi leo yamesimama magofu ya mawe: Msikiti Mkuu, na juu ya jabali, Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la pembe nane la kuogea. Neville Chittick alilichimba katika miaka ya 1960, na jiwe lenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lilipatikana humo. Kwa maoni yangu hakuna fumbo kubwa. Mawe yalikuwa ya wachache, na miti na udongo ya wengi. Aliyepita njiani aliona zaidi nyumba za wengi.

Sultani huyo al-Hasan ndiye aliyempokea Ibn Battuta. Watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa ukarimu wake. Ijumaa moja alipotoka msikitini, fakiri wa Yemeni alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akaingia katika chumba cha khatibu, akabadili, akampa. Mwanawe akazichukua zile nguo kwa fakiri akampa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomshukuru mwanawe kwa hilo, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Ibn Battuta aliisimulia habari hiyo kwa furaha tupu. Na katika mizani yake inaelekea: ukarimu ni jiwe zito, na Kilwa ikapanda juu. Hata yeye alikuwa na watumwa. Kitabu chake hakifichi. Lakini mimi nikifika katika ukurasa ule siwezi kuupita upesi. Fakiri alikuja na mikono mitupu akaondoka na watu ishirini. Sultani huyohuyo, kwa ushahidi wa mgeni wake, alikuwa akipeleka vita mara kwa mara bara na kuteka watu. Basi wale ishirini walikuwa na baba zao na vijiji vyao huko nyuma ya Kilwa, na wao pia waliuona mji, wakaukadiria. Hapakuwa na Ibn Juzayy wa kuwaandikia.

Kwa sababu hiyo, nikiulizwa mimi katika ubishi wetu wa miji, huanza kwa kuuliza mji huo ulikuwaje kwa yule aliye chini kabisa ndani yake. Kwa mizani hiyo naiweka Damascus ya yule mtoto wa sahani juu ya Kilwa ya fakiri, ijapokuwa Kilwa ni yetu na naipenda. Wote wawili, yule mtoto na wale ishirini, walikuwa watumwa, lakini mji mmoja ulikuwa umefikiria mapema siku ambayo sahani itavunjika.

Mizani hiyo hiyo huharibu sifa nyingi. Nairobi, iliyoanza kama kambi ya reli mwaka 1899, ilikuwa na bustani na hewa baridi ya kupendeza, naye Mwafrika aliyeingia humo kutafuta kazi alivishwa kipande shingoni ndani ya kikopo cha bati. Dar es Salaam iligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo ili watu wasikaribiane mno. Wageni waliosifu mandhari ya bandari hawakusema uongo. Walisimama tu upande ule wenye upepo.

Wanafunzi watakaojaliwa kwenda ziara ya Kilwa Kisiwani huvuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, na ni vyema wapande mpaka Husuni Kubwa hata kama wamechoka. Jumba lile halikukaliwa muda mrefu. Al-Hasan alipofariki alirithiwa na ndugu yake Daudi, ambaye Ibn Battuta anatuambia alikuwa kinyume chake kabisa. Mwombaji akimjia, alijibiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi wakiambulia kidogo, mpaka wakaacha kuja.