Nundu na Tapeti: Habari ya Kamshafti za Rola

Katika miaka iliyofuatia Vita Kuu ya Pili, huko kusini mwa California, walikuwapo vijana wengi ambao furaha yao ilikuwa kuchukua Ford kuukuu za V8, kuzivua kila kisichohitajika, na kuzishindanisha mbio juu ya maziwa yaliyokauka kama El Mirage. Nao walipotaka nguvu zaidi, aghalabu waliishia mlangoni kwa mchongaji wa kamshafti, yaani mhimili wenye nundu zinazofungua vali za injini. Katika mafundi hao alikuwamo Ed Winfield, ambaye wengi waliokuja nyuma walimhesabu kuwa mwalimu wao, na Ed Iskenderian, aliyefungua karakana yake mwaka 1946.

Kazi yao ilikuwa kuchonga upya nundu za kamshafti, ili vali ifunguke upesi na kukaa wazi muda mrefu, silinda ipate kuvuta hewa na petroli kwa wingi. Lakini tapeti bapa, vile vipande vinavyokaa juu ya nundu na kupeleka mwendo wake kwenye vali, ziliwawekea mpaka: nundu ikipanda kwa ghafla kupita kiasi, mahali inapogusana na tapeti huhama hata kufika ukingoni, na ukingo ule huichimba nundu ukaiharibu. Tapeti ya Chevrolet ilikuwa na kipenyo cha inchi 0.842, ilhali ya Chrysler ilifika 0.904, na tofauti hiyo, isiyotimia milimita mbili, ilimpa fundi wa Chrysler nafasi ambayo mwenziwe hakujaliwa.

Miongoni mwa waliotangulia kuuvuka mpaka huo ni Chet Herbert, mtu ambaye kwa rai yangu hatajwi kadiri anavyostahiki. Alipatwa na polio mwaka 1948, akiwa kijana bado, wala maradhi hayo hayakumzuia kuunda pikipiki iliyoitwa The Beast, ambayo iliyashinda magari katika mashindano ya Santa Ana. Pikipiki ile ilikuwa Harley-Davidson, na tapeti za Harley zilikuwa na rola, gurudumu dogo linalobingirika juu ya nundu, lisilo na ukingo wa kuichimba. Basi Herbert akaona kwamba kinachofaa huko kitafaa pia katika injini ya gari.

Hata hivyo rola haikubali nundu yoyote. Tapeti bapa, licha ya jina lake, ina mbinuko mdogo chini, na nundu yake huchongwa na mwinamo hafifu, makusudi tapeti izunguke ndani ya tundu lake isilike upande mmoja. Rola, kinyume chake, ikizunguka hivyo hata kidogo huvunja kila kitu, kwa hiyo tapeti mbili hufungwa pamoja kwa kipande cha chuma, na nundu huchongwa bila mwinamo. Mwinamo ukiondoka, kamshafti haina tena cha kuivutia nyuma, hivyo hupasa kuwekewa kizuizi. Na iwapo imechongwa katika chuma cha pua badala ya chuma cha kumimina, gia ya distribyuta nayo aghalabu hubadilishwa kwa ya shaba nyeusi.

Viwanda vikubwa vilikawia. Ford iliitia rola katika Mustang ya lita 5.0 mwaka 1985, na Chevrolet ikafuata katika V8 yake ndogo mwaka 1987. Tangu hapo mjenzi wa injini amepata nafuu moja kubwa: tapeti bapa iliyokwisha kutumika sharti irudi kwenye nundu ileile iliyozoeana nayo, lakini tapeti ya rola, beringi zake zikiwa nzima, huweza kuhamishiwa kamshafti mpya ya rola na kufanya kazi bila madhara.