Habari za Kutafuta Haki Katika Malindi na Kilifi

Imekuwa desturi ya taarifa hii, baada ya hesabu za fedha na majina ya waliotutoka, kuwawekea wanachama kurasa chache za habari za kale, ili vijana wajue tulikotoka, na wazee wapate kutusahihisha tulipokosea. Mwaka huu tumeona vema kuandika juu ya haki: jinsi watu wa pwani hii, tangu Mtwapa hata ng'ambo ya mto Sabaki, walivyoitafuta baada ya vita na fitina, na kwa nini siku hizi twasikia sana habari za watu waitwao wasaidizi wa sheria.

Hapo zamani Wagiriama walikuwa na baraza la wazee lililoitwa kambi. Mwenye dai alikwenda kwa wazee, mashahidi wakasikilizwa, na aliyeonekana na hatia akatoa fidia. Katika miji ya pwani, kama Malindi, Mambrui na Takaungu, Waislamu walimwendea kadhi. Hatusemi kwamba mabaraza yale hayakuwa na dosari, kwani hakuna baraza la wanadamu lisilo na dosari. Walakini yalikuwa na jambo moja kubwa: mtu aliitetea haki yake kwa lugha yake, mbele ya watu waliomjua, na kwa desturi aliyoifahamu tangu utotoni.

Jambo hilo liliondoka kwa karatasi kabla halijaondolewa kwa bunduki. Mwaka 1908 Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wa pwani. Kila aliyedai kipande cha ardhi alitakiwa kupeleka dai lake kwa msajili katika muda uliowekwa, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali. Waliojua kuandika, na waliokuwa na mtu wa kuwaandikia, walipata hati. Wamijikenda wengi hawakupata. Wengine hawakujua kwamba kuna muda unaohesabiwa. Na hata aliyejua alikuta sheria yenyewe imekatwa kwa kipimo cha mtu mmoja na shamba lake, si kwa kipimo cha ukoo na ardhi ya mababu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa ardhi ilipotea kwa sababu daftari lilikuwa mikononi mwa mwingine.

Miaka mitano baadaye ikaja fitina ya kodi na ya vijana kutakiwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya wageni. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, pamoja na Wanje wa Mwadorikola, waliwakusanya watu na kuwalisha viapo wasikubali. Wote wawili walikamatwa na kupelekwa mbali, Kisii. Mwaka 1914 wakatoroka, wakarudi kwao kwa miguu, mwendo wa mamia ya maili. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikawaka. Nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa, watu wakauawa.

Na vita vilipokwisha, hukumu ilikuwaje? Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, wakaamriwa kutoa vijana 1,000 wa kazi, na waliokaa kaskazini ya Sabaki, penye rutuba, wakatakiwa kuhama. Tunawaomba wasomaji waliangalie jambo hili kwa makini. Faini ile haikuuliza nani alipigana na nani alikaa nyumbani kwake. Mzee, mjane na mtoto waliingia katika hesabu moja. Aliyeshinda vita ndiye aliyekuwa mshitaki, naye ndiye aliyekuwa hakimu. Hapakuwa na mtu wa kusimama kati na kusema, "Huyu hakutenda, msikilizeni kwanza." Mwenye nguvu mpishe, ndivyo walivyoambiwa wazee wetu, nao wakapisha. Baada ya miaka michache watu waliruhusiwa kurudi ng'ambo, lakini ruhusa si hati.

Uhuru ulipopatikana mwezi wa Desemba 1963, ukanda wa pwani uliokuwa chini ya jina la Sultani wa Zanzibar uliingia katika Kenya. Bendera ilibadilika, hati hazikubadilika. Hivyo jamaa nyingi za Kilifi na Malindi zimeendelea kuitwa maskwota katika mashamba yenye makaburi ya babu zao.

Twaeleza haya ili ifahamike kwamba fitina haina mwisho siku bunduki zinaponyamaza. Hubaki ng'ombe waliochukuliwa, mashamba yaliyovamiwa, wajane wasio na cheti, na vijana waliokamatwa bila kujua kosa lao. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu 1,133 waliuawa katika Kenya, kwa hesabu ya tume iliyoongozwa na Jaji Waki, na Pwani nayo iliguswa. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, jirani zetu wa bonde la Tana, Wapokomo na Waorma, walipoteza watu zaidi ya 100 katika ugomvi wa malisho, maji na mashamba. Kila mara swali huwa lile lile la mwaka 1914: nani atamsikiliza mnyonge?

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilijibu kwa maneno. Kifungu cha 48 chaitaka Serikali ihakikishe kwamba kila mtu aweza kuifikia haki, na kwamba ada isiwe kizuizi. Kifungu cha 159 chazitaka mahakama ziendeleze upatanisho na njia za jadi za kumaliza ugomvi, maadamu hazivunji haki za mtu. Mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya msaada wa kisheria, ikaunda idara ya taifa ya kazi hiyo, na kuwatambua wasaidizi wa sheria. Kazi yenyewe ilikuwa imeanza kwa watu wa kujitolea zamani. Kituo cha Sheria kilianzishwa na mawakili vijana mwaka 1973. Tanzania nayo ilipitisha sheria kama hiyo mwaka 2017. Na huko Sierra Leone, baada ya vita vilivyokwisha mwaka 2002, nchi yenye mawakili wachache mno nje ya mji mkuu ilitumia wasaidizi wa namna hii vijijini.

Basi msaidizi wa sheria ni nani? Si wakili, wala hasimami mahakamani kumtetea mtu. Ni mtu wa kijiji, mwanamume au mwanamke, aliyefundishwa misingi ya sheria, naye hufanya kazi chini ya uangalizi wa wakili au shirika lililoidhinishwa. Humwambia aliyepigwa kwamba aombe fomu ya P3, nayo haiuzwi. Huwaambia jamaa za aliyekamatwa kwamba apaswa kufikishwa mahakamani katika muda wa saa 24, isipokuwa muda huo uishe siku isiyo ya mahakama. Humweleza mjane namna ya kufungua shauri la mirathi, kwa kadhi au kwa hakimu. Husoma barua ya shamba pamoja na mwenye shamba kabla hajatia kidole.

Hapa yatupasa kusema na wazee wetu kwa heshima. Wako wanaohofu kwamba vijana hawa wenye madaftari watawanyang'anya wazee baraza. Sisi hatuoni hivyo. Ugomvi wa mpaka, wa mbuzi aliyeingia shambani, wa mume na mke walionuniana, wapaswa kuanzia kwa wazee. Na mwaka 2020 Mahakama yenyewe ilitoa sera ya kuzitambua njia hizo. Lakini yako mambo yasiyomalizwa chini ya mwembe. Mtoto akinajisiwa, mbuzi wawili na mkeka wa mazungumzo si haki. Hiyo ni kesi ya polisi na mahakama. Kadhalika mzee akisingiziwa uchawi. Katika Kilifi wazee wameuawa kwa shutuma hiyo, na aghalabu nyuma ya neno uchawi liko shamba linalotamaniwa. Mzee aliyeandikisha shamba lake na kugawa urithi wake kwa maandishi amewapunguzia wenye tamaa sababu. Msaidizi wa sheria, basi, hakuja kumwondoa mzee barazani. Huenda akawa ngao yake.

Mwisho, twarudi kwenye muda unaohesabiwa. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 iliwapa wenye madai ya dhuluma za kale za ardhi miaka 5 kuyapeleka mbele ya Tume ya Taifa ya Ardhi. Muda ule ulikatika Septemba 2021. Kwa mara ya pili, baada ya zaidi ya miaka 100, pwani yetu iliwekewa siku ya mwisho. Na wako walioisikia ilipokwisha kupita. Mwaka 1908 twaweza kusema hapakuwa na wa kutusomea. Mara hii tutasema nini?

Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo matatu. Kila tawi litoe watu wawili, mmoja wao mwanamke, wakajifunze kazi hii. Kila mzee aandikiwe habari za shamba lake, mipaka na mashahidi, wakati mashahidi wangali hai. Na kila tangazo la Serikali lenye siku ya mwisho lisomwe katika mkutano wetu juma lile lile litolewapo, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani.

Wazee wa 1914 walitembea kutoka Kisii hata Sabaki kuifuata nchi yao. Sisi twaombwa kutembea hadi ofisi ya ardhi tu, na kufika mapema.