Machimbo ya Bamburi: jinsi ndege walivyorudi kwenye jiwe tupu

Ndugu mkulima, kila nikimshauri mtu aache kona ya shamba kwa ajili ya ndege, jibu huwa lile lile: "Bwana shamba, ardhi yangu imechoka, hata magugu hayaoti. Ndege watafuata nini?" Leo nitajibu kwa historia ya kweli kutoka pwani ya Kenya.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kilianza kuzalisha miaka ya 1950. Saruji huhitaji mawe ya chokaa, na hapo mawe hayo ni matumbawe ya kale. Udongo wa juu uliondolewa, mawe yakachimbwa, yakabaki mashimo mapana ya jiwe jeupe. Hakuna udongo, jua linaunguza, na maji ya chini yana chumvi.

Mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi hapo, alianza kupanda miti ndani ya machimbo hayo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu: mvinje, mnazi na mti mmoja wa asili ya Somalia.

Mvinje ndio uliofanya vizuri zaidi. Mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo mti hujipatia sehemu ya mbolea yake wenyewe. Lakini shida ikaibuka: majani yake makavu, membamba kama sindano, yalirundikana bila kuoza. Ndipo Haller akagundua kuwa majongoo wakubwa wanayala. Akawaingiza kwa wingi. Kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo.

Juu ya udongo huo ikapandwa miti mingine. Yakachimbwa na mabwawa ya samaki. Wadudu wakaongezeka, na ndege wakafuata chakula, maji na kivuli. Ndege walao matunda nao hudondosha mbegu kila watuapo, wakawa wasaidizi wa kupanda. Mwaka 1987 Haller alipata tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa. Leo mahali hapo ni Haller Park, na wageni hulipa kiingilio ili kupaona.

Angalia mpangilio wa kazi. Ndege hawakuwa wa kwanza. Kwanza ulikuja mti unaovumilia, kisha udongo, kisha wadudu, ndipo ndege. Wengi wetu tunataka ndege wale viwavi huku tukichoma majani na kupulizia dawa kila mdudu. Hapo tumewaondolea chakula kabla hawajafika.

Kwa hiyo, msimu huu fanya haya:

1. Usichome majani. Yarundike chini ya miti na uwaache majongoo wafanye kazi.
2. Panda mivinje mpakani ikiwa uko pwani au kwenye mchanga. Nguzo zake zina soko la ujenzi, hivyo na mfanyabiashara wa kijijini hapotezi kitu.
3. Weka chombo kipana cha maji, kisizidi kina cha vidole vinne, na ubadilishe maji mara kwa mara ili mbu wasizaliane.
4. Pulizia dawa pale tu unapoona shambulio, si kwa mazoea.
5. Usimuue bundi. Wengi humwita ndege wa mkosi, lakini usiku yeye ndiye mlinzi wa ghala lako dhidi ya panya.

Tahadhari moja: kama unalima mtama au mpunga, kona hii iwe mbali na zao hilo, maana kwelea kwelea hupenda vichaka vya kulala karibu na nafaka.

Shamba lako, hata likiwa limechoka vipi, bado lina udongo. Machimbo ya Bamburi hayakuwa nao.