Ukinzani na nguvu ya umeme: ukokotoaji kwa volteji na mkondo

Ukinzani wa umeme ni kiasi ambacho waya au kifaa huzuia mkondo kupita ndani yake. Nguvu ya umeme ni kiasi cha nishati ambacho kifaa hutumia kwa kila sekunde. Vyote viwili hukokotolewa iwapo vipimo viwili vinajulikana: volteji kati ya ncha za kifaa na mkondo unaopita ndani yake. Volteji hupimwa kwa volti (V), mkondo kwa ampea (A), ukinzani kwa omu (Ω) na nguvu kwa wati (W).

Kanuni ya ukinzani

Uhusiano wa volteji, mkondo na ukinzani ulibainishwa na Georg Simon Ohm, aliyekuwa mwalimu wa hisabati na fizikia mjini Köln, Ujerumani. Betri za wakati wake zilipungua nguvu kipimo kikiendelea. Akaziacha, akatumia kiungo cha shaba na bismuthi ambacho ncha yake moja ilikaa kwenye joto la maji yanayochemka na nyingine kwenye barafu. Hicho kilimpa volteji isiyoyumba. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1827 alieleza kwamba mkondo huongezeka sawia na volteji, mradi hali ya waya, hasa joto lake, isibadilike. Kwa hiyo:

R = V ÷ I

R ni ukinzani, V ni volteji na I ni mkondo. Kifaa kinachopitisha ampea 1 kwa volteji ya volti 1 kina ukinzani wa omu 1.

Kanuni ya nguvu

Volti 1 maana yake ni jouli 1 ya nishati kwa kila kulombi ya chaji, na ampea 1 ni kulombi 1 inayopita kila sekunde. Vikizidishwa, hupatikana jouli kwa sekunde, yaani wati:

P = V × I

Kanuni hii ikiunganishwa na ile ya Ohm, hupatikana nyingine mbili: P = I² × R na P = V² ÷ R. Ile ya kwanza inalingana na matokeo ya majaribio ya Mwingereza James Prescott Joule, aliyechapisha mwaka 1841 kwamba joto linalotolewa na waya kwa muda fulani hufuata mraba wa mkondo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne.

Namna ya kupima

Volteji hupimwa kwa kugusisha nyaya za mita kwenye ncha mbili za kifaa kikiwa kinafanya kazi, yaani kwa usambamba. Mkondo hupimwa kwa kukata njia ya umeme na kuiweka mita katikati, yaani kwa mfululizo. Mita ya ampea ina ukinzani mdogo sana. Ikiunganishwa moja kwa moja kwenye ncha mbili za chanzo cha umeme hupiga shoti na kuunguza fyuzi, au mita yenyewe.

Mfano wa hesabu

Birika la umeme lililochomekwa kwenye volti 230, ambayo ndiyo volteji ya majumbani Tanzania, linavuta ampea 8. Ukinzani wake ni 230 ÷ 8 = omu 28.75, na nguvu yake ni 230 × 8 = wati 1,840. Kupandisha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 za Selsiasi huhitaji takriban jouli 315,000. Birika hilo litaitoa nishati hiyo kwa sekunde 171 hivi, karibu dakika 3, bila kuhesabu joto linalopotea hewani.

Umeme ukishuka hadi volti 200, nguvu ya birika hilohilo huwa 200² ÷ 28.75, yaani takriban wati 1,391. Volteji imepungua kwa asilimia 13, lakini nguvu imepungua kwa karibu robo, kwa sababu mkondo nao umeshuka hadi ampea 7 hivi. Ndiyo maana maji huchelewa sana kuchemka umeme unapokuwa mdogo.

Upotevu ndani ya waya

Waya nao una ukinzani. Waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita za mraba 1.5 una omu 12 hivi kwa kilomita. Ekstensheni ya mita 20 hupitisha mkondo kwenda na kurudi, jumla mita 40, hivyo ina karibu omu 0.5. Kwa ampea 8, waya huo hupoteza volti 4 na kugeuza wati 32 kuwa joto. Ikiwa imeviringishwa, joto hilo hukosa pa kutokea na plastiki ya waya inaweza kuyeyuka.

Mipaka ya hesabu

Ukinzani wa vifaa vingi hubadilika kulingana na joto. Balbu ya zamani ya tangsteni yenye wati 60 kwa volti 230 ina takriban omu 882 ikiwa inawaka, lakini ikipimwa ikiwa baridi haifikishi hata sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Kwa sababu hiyo volteji na mkondo hupimwa kwa wakati mmoja, kifaa kikiwa kazini.

Katika mkondo geu (AC), yaani ule unaobadili mwelekeo mara kwa mara kama wa majumbani, P = V × I hutosha kwa vifaa vya kupasha joto, kama pasi na hita. Kwenye mota, volteji na mkondo havipandi na kushuka pamoja, hivyo zao lao huzidishwa kwa kigezo cha nguvu, ambacho hakizidi 1. Mota inayovuta ampea 2 kwa volti 230, yenye kigezo cha 0.8, hutumia wati 368, si 460. Kwa mota hiyo, kugawanya volteji kwa mkondo hakutoi ukinzani wa nyaya zake peke yake, bali zuio lote ambalo mkondo geu hukutana nalo, likiwemo linalotokana na sumaku ya koili.