Ijue The Cater Street Hangman: muuaji mtaani, siri nyumbani na penzi la pole pole

Umechoka na hadithi za upelelezi zenye risasi kila ukurasa? Basi ipo riwaya moja ya Kiingereza unayopaswa kuifahamu. Inaitwa The Cater Street Hangman, yaani Mnyongaji wa Mtaa wa Cater. Mwandishi wake ni Anne Perry wa Uingereza, na ilitoka mwaka 1979.

Hadithi yenyewe imewekwa London mwaka 1881, enzi za Malkia Victoria. Haya ndiyo mambo muhimu kuihusu, na usiwe na wasiwasi, muuaji hatumtaji.

Inahusu nini?

Wasichana wanauawa mmoja baada ya mwingine katika mtaa wa watu wenye uwezo. Wote wananyongwa kwa waya. Muuaji habagui, anaua mabinti wa matajiri na watumishi wa ndani vilevile.

Familia ya Ellison inaishi hapohapo. Kuna baba Edward, mama Caroline, bibi mwenye maneno makali, na mabinti watatu: Sarah, Charlotte na Emily. Mwanzoni wanaona ni balaa la watu wengine. Halafu anauawa mtumishi wao wenyewe, na polisi anabisha hodi.

Wapelelezi ni akina nani?

Polisi huyo ni Inspekta Thomas Pitt. Ni mrefu, nywele timutimu, koti limekaa ovyo. Baba yake alikuwa mtunza wanyamapori katika mashamba ya tajiri. Lakini Pitt alisomeshwa pamoja na mtoto wa tajiri huyo, kwa hiyo anaongea Kiingereza cha mabwana wakubwa. Hilo linawachanganya watu: wakimsikia wanadhani ni mwenzao, wakimwona wanashtuka.

Wa pili ni Charlotte, binti wa katikati. Tatizo lake ni mdomo. Anasema anachokifikiria, jambo ambalo kwa binti wa tabaka lake lilikuwa aibu. Baba yake hataki mabinti wasome magazeti, hivyo Charlotte huyasoma kwa kujificha.

Pitt anapoanza kuihoji familia, Charlotte anamwona mtu asiye na adabu. Ila kila wakizungumza, anagundua kitu kipya: huyu mwanaume anamuuliza maswali na anasubiri jibu.

Kwa nini penzi linachelewa?

Kwanza, moyo wa Charlotte uko kwingine. Kwa miaka kadhaa amempenda kimyakimya shemeji yake, Dominic, mume wa Sarah. Hajamwambia mtu.

Pili, kuna suala la tabaka. Polisi wa London walikuwa na miaka 52 tu tangu jeshi lao lianzishwe mwaka 1829, na kwa matajiri wengi polisi alikuwa mtu wa kupitia mlango wa nyuma. Kuolewa naye kulimaanisha kupoteza marafiki, mialiko na watumishi. Wakati huohuo mdogo wake, Emily, anamnyatia Lord George Ashworth ili apande juu. Dada mmoja anapanda ngazi, mwingine anafikiria kushuka.

Tatu, ndoa yenyewe ilikuwa kamari kwa mwanamke. Sheria iliyompa mke wa Uingereza haki kamili ya kumiliki mali yake ilipitishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya matukio ya riwaya. Ukikosea kuchagua mume, umekwisha.

Kinachouma zaidi

Mauaji yanapoendelea, swali linahama kutoka mtaani na kuingia sebuleni. Baba alikuwa wapi usiku ule? Dominic je? Mama anajikuta akimtilia shaka mwanaume aliyeishi naye miaka mingi, na anaona aibu kwa kumshuku. Watu wanakula meza moja lakini hawaaminiani.

Hapo ndipo penzi la Charlotte na Pitt linapopata nguvu. Katika nyumba ambayo kila mtu anaficha kitu, Pitt peke yake ndiye anayeweza kuambiwa ukweli bila kuzimia. Na Dominic, akitazamwa kwa karibu, anaonekana binadamu wa kawaida tu, tena mwenye udhaifu wake.

Mwandishi naye ana historia nzito

Anne Perry alizaliwa London mwaka 1938 kwa jina la Juliet Hulme. Mwaka 1954, akiwa na miaka 15, alihukumiwa nchini New Zealand pamoja na rafiki yake kwa kumuua mama wa rafiki huyo. Alikaa gerezani miaka mitano, akatoka, akabadilisha jina. Dunia ilikuja kumjua mwaka 1994, wakati ilipotoka filamu ya Heavenly Creatures iliyohusu kesi hiyo. Alifariki mwaka 2023.

Ukilijua hilo, unaisoma riwaya hii kwa jicho lingine. Kumbe aliyeandika kuhusu siri za nyumbani alikuwa na yake.

Ukimaliza, endelea na kipi?

Hiki ni kitabu cha kwanza katika mfululizo wenye riwaya zaidi ya 30. Cha pili, Callander Square, kilitoka mwaka 1980. Humo Charlotte na Pitt tayari ni mke na mume, na miili ya vichanga wawili inafukuliwa kwenye bustani ya matajiri. Pitt anahoji kwa kofia ya polisi, na Charlotte anaingia kwenye nyumba ambazo milango yake mumewe hufungiwa.

Kama kusoma kunakuchosha, ipo filamu ya televisheni ya mwaka 1998, Keeley Hawes akiigiza kama Charlotte. Ila ushauri wetu ni uanze na kitabu. Penzi la namna hii lina raha ukilisubiri ukurasa kwa ukurasa.